Habari ya Nyumba Yetu Iliyowekwa Rehani



Mwezi uliopita baba mmoja, Mkristo wa jirani, alitujia usiku, upepo wa milima ya Mbizi ukivuma kwa nguvu. Akakaa karibu na jiko la mkaa muda mrefu bila kusema neno la maana. Alipoinuka kwenda zake alituuliza akiwa mlangoni, kana kwamba ni jambo dogo tu, "Ninyi mlifanyaje habari za nyumba yenu?" Tukamrudisha ndani. Tangu usiku ule tumeona yafaa kuyaandika mambo haya, kwani ikiwa yeye yupo, bila shaka wako na wengine ambao hawajabisha hodi kwa mtu.

Sisi tuandikao ni mume na mke, walimu sote wawili. Nyumba yetu ilikuwa Chanji, mjini Sumbawanga, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, yenye vyumba vitatu vyetu wenyewe, na uani vyumba vinne vya wapangaji. Tuliijenga kwa miaka tisa. Mtu wa Ufipa aujua ujenzi wa namna hiyo: mwaka huu tofali, mwaka ujao saruji, na mwaka wa tatu hapana kitu, kwa sababu mtoto amekwenda shule ya bweni. Mwaka 2016 tukapata hati, nasi tukafanya shukrani pamoja na jumuiya yetu. Katika mwaka ule ule tukaichukua hati ile tukaipeleka benki.

Twataka kuisema wazi sababu yake, maana watu hudhani kwamba mtu huweka nyumba rehani kwa kuwa ana shida. Sisi hatukuwa na shida. Tulikuwa na tumaini lililopita kipimo. Tuliona wenzetu wamelima mahindi upande wa Laela, wamenunua pikipiki, wamepaka nyumba zao rangi. Tukakopa shilingi 12,000,000, muda wa miezi 24, tukakodi shamba, tukanunua mbegu na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, tukalipa vibarua. Marejesho yalitakiwa kila mwezi tangu mwezi wa kwanza. Bali mahindi, kila mkulima ajua, huvunwa mara moja kwa mwaka. Hilo ndilo lililokuwa kosa letu la asili, wala hatukulitambua tulipokuwa tukitia sahihi. Mshahara ndio uliolipa, mwezi kwa mwezi, na nyumbani tukaanza kukopa chumvi.

Tena hatukuisoma mikataba. Karatasi zilikuwa nyingi, nazo zilikuwa kwa Kiingereza, na sisi walimu tuliona haya kusema mbele ya kijana wa benki kwamba maneno mengine hatuyaelewi. Mmoja alitia sahihi, na wa pili akatia sahihi chini yake.

Mahindi ya mwaka 2017 yalistawi sana. Mwezi wa Juni mwaka ule Serikali ilikataza kuuza mahindi nje ya nchi, kwa ajili ya akiba ya chakula, na huku mikoa ya kusini ilikuwa imevuna vema, bei ikashuka. Magunia yakajaa katika nyumba za watu, hata vyumbani mwa kulala. Sisi tuliuza kwa bei isiyofika nusu ya ile tuliyoiandika katika hesabu yetu. Hatumlaumu mtu. Mwenye kuweka nyumba rehani kwa kutegemea bei ya mwaka jana amejiandikia hesabu mbaya mwenyewe.

Basi, tukakosa kulipa mwezi wa Julai, tukakosa Agosti, tukakosa Septemba. Katikati ya Oktoba ikaja barua.

Mmoja wetu aliipokea, akaisoma mistari miwili ya kwanza, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, akakirudisha kitabu rafuni. Hatutasema ni nani kati yetu, kwa kuwa tumekubaliana katika maandiko haya kusema "sisi", na kwa kuwa yule wa pili, kama barua ingalimfikia yeye kwanza, labda angalifanya vivyo hivyo. Barua ilikaa kitabuni siku 41. Katika siku hizo twalisali rozari kila jioni pamoja na watoto, na mmoja wetu alisali huku akiogopa rafu.

Na lililo baya zaidi, ambalo twalisema kwa uchungu: mwezi wa Novemba, barua ikiwa imekwisha kufika, tulipokea kodi ya miezi sita ya vyumba viwili vya uani, tukailipia ada ya shule.

Sasa yafaa tueleze barua ile ilikuwa nini, kwa sababu wengi huidhania kuwa ni hukumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, yamkataza mkopeshaji kuiuza nyumba mara tu mkopaji anaposhindwa. Ni lazima kwanza ampe ilani ya maandishi, imweleze amekosa nini, adaiwa kiasi gani, na kwamba zikipita siku 60 tangu aipokee ilani hiyo bila kurekebisha, deni lote litatakiwa na nyumba yaweza kuuzwa. Siku hizo 60 ni mali ya mkopaji, kama vile unga uliobaki katika mtungi. Mtu aweza kuzitumia kulipa malimbikizo, kuomba muda urefushwe, kutafuta mnunuzi mwenyewe, au kumwuliza mwanasheria kama hesabu ile ni ya haki. Hata baada ya hapo, maadamu nyumba haijauzwa, mwenye deni ana ruhusa ya kulilipa na kuikomboa. Sisi tulizipoteza siku 41 za kwanza kwa kunyamaza.

Ilifunuliwa na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Kwaya ya watoto ilikuwa ikijifunza nyimbo za Majilio, naye akakichukua kitabu kile bila kuuliza. Aliporudi aliweka bahasha juu ya meza, akasema, "Mama, mnada ni nini?"

Usiku ule hatutaueleza wote. Maneno yalisemwa ambayo hayafai gazetini. Yatosha kusema kwamba mpaka alfajiri hatukuwa tukizungumza juu ya benki, ila juu ya kufichana. Deni ni la fedha, na fedha ina hesabu. Lakini mtu aliyekula nawe meza moja siku 41 akijua, huyo humpati kwa hesabu.

Palikuwa na jirani, mtu mwema, aliyetuambia kwamba tumerogwa, na kwamba yuko mtaalamu upande wa Bonde la Rukwa awezaye kulifunga jambo lile. Wazee husema jina la mji wetu ni agizo la kutupa uchawi; nasi twaona agizo hilo halijaisha kazi. Mwingine alitushauri tukope kwa mtu binafsi ili tulipe benki. Huyo mkopeshaji alitaka tumwachie kadi za benki na namba zake za siri, mshahara aupokee yeye. Mikopo ya namna hii watu huiita kausha damu, nalo jina lastahili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyotungwa baada ya mambo yetu haya, yataka kila mwenye kufanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Na mwenye kuomba namba yako ya siri, hata akiwa na karatasi ukutani, mkimbie. Tulijaribiwa. Kadi tulikuwa tumekwisha kuzitia mfukoni.

Badala yake tulikwenda kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa zamani karani wa mahakama. Alituweka kitini, akaisoma barua mara mbili, akatuuliza kitu kimoja tu: "Mlipewa lini?" Tulipomwambia, alifumba macho akahesabu kwa vidole. "Zimesalia siku kumi na tisa," akasema. "Wanangu, hizo si haba."

Yeye ndiye aliyetueleza mengi tuyaandikayo hapa. Alituuliza kama mke alitia sahihi. Alitia. Akasema kwamba nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kwa Sheria ya Ardhi pia, haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo mke ambaye hakuulizwa aweza kwenda kupinga. Lakini asiyekuwa na malalamiko ya kweli asiyabuni. Mzee alikuwa ameona barazani waume walioapa mbele ya benki kwamba hawana wake, na baadaye, mnada ulipokaribia, wakawatuma wake hao hao kulia kwamba hawakuulizwa. Kusema uongo wa namna hiyo ili kupata mkopo ni kosa la jinai. Nasi twaongeza: mwenye ndoa ya Sakramenti anayemkana mkewe mezani pa benki ayajue alitendalo.

Kisha akatuambia habari za mnada. Sheria ya madalali ni ya zamani, nayo yataka ardhi isiuzwe mpaka litolewe tangazo la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mnada penyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wala si kwa maandishi peke yake, bali hata kwa kupiga ngoma au njia nyingine ambayo asiyejua kusoma aweza kuifahamu. Siku hizi ni gari lenye kipaza sauti. Tulikuwa tumekwisha kuliona gari hilo katika mtaa wa pili mwaka ule ule. Jina la mwenye nyumba hutajwa, na watu hutoka nje wakiwa na mikono yenye unga. Wengi hawaji kununua, huja kutazama.

Tena sheria yamlazimu mkopeshaji kutafuta bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa sehemu 25 katika 100 au zaidi, huhesabiwa kwamba amekosa wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa, na nyundo ikisha kugonga, ni vigumu sana kuirudisha nyumba. Kwa hiyo mwenye malalamiko aende kabla: liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Mahakama Kuu ina masjala yake hapa Sumbawanga. Asiye na fedha ya wakili ana haki ya kutafuta msaada. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria hutambuliwa na Serikali, na kazi yao ni kumsaidia asiyejiweza bila malipo. Aende na karatasi zake zote, hata zile anazoziona hazina maana.

Siku iliyofuata tulikwenda benki, wote wawili, tukiwa na daftari. Tulitazamia kufokewa. Afisa mikopo alikuwa kijana aliyechoka, mwenye mafaili mengi kama letu, naye alishangaa tu kwamba tumekuja. Deni pamoja na riba na malimbikizo lilikuwa shilingi 8,650,000. Alisema benki haina haja ya nyumba, yataka fedha zake. Aweza kutuombea muda urefushwe, marejesho yawe madogo. Tukaenda nyumbani tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mazoezi, kwa ukweli safari hii, bila kuandika mahindi. Haikutosha. Kila tulivyogeuza, mwezi wa tano ulikuwa na shimo.

Wakati ule tulikuwa tukisoma Kitabu cha Nehemia, sura ya tano. Humo watu wamlilia mkuu wao kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Tulikuwa tumeisikia kanisani mara nyingi tukidhani ni habari ya watu wa kale. Katika Kumbukumbu la Torati nako Mungu amkataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani. Na sisi ambao bibi zetu walisaga ulezi juu ya jiwe hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Tulifahamu kwamba Mungu anajali sana jinsi dhamana inavyotwaliwa. Tulifahamu pia, polepole, kwamba nyumba yetu haikuwa jiwe la kusagia. Tulikuwa na kazi, na afya, na watoto. Jiwe letu lilikuwa mshahara, na huo ndio tuliokaribia kumkabidhi mtu wa kausha damu.

Basi tukaamua kuiuza wenyewe. Mzee alisema nyumba ikiuzwa na mwenyewe huuzwa kama nyumba, ikiuzwa kwa mnada huuzwa kama deni. Tuliandika barua benki kuomba ruhusa na kuomba tungojewe hadi mwisho wa Januari. Nao wakatujibu kwa maandishi kwamba wamekubali. Maandishi ni ya lazima. Neno la mdomo la afisa, hata akiwa mwungwana, huhama naye akihamishwa.

Lililokuwa gumu kuliko benki ni uani. Vyumba vile vinne vilikaliwa na mjane mshona nguo na wanawe, vijana wawili wa chuo, mama mmoja auzaye dagaa wa Kirando, na dereva wa lori. Hawa hawakukopa kitu, nao hawakuandikiwa barua na mtu yeyote. Mwenye nyumba akianguka, mpangaji husikia mwisho, pengine siku ya gari la kipaza sauti. Tukawaita Jumapili baada ya Misa, chini ya mparachichi, tukawaambia yote, hata habari ya kodi ya Novemba. Mama wa dagaa aliondoka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mjane akasema, "Mwalimu, mimi nilijua tangu Oktoba. Yule bwana wa benki alipita mchana mlipokuwa shuleni, akahesabu vyumba. Nilikuwa nawangoja mseme."

Kwa hiyo twawaambia wapangaji wanaosoma gazeti hili: kabla ya kutoa kodi ya miezi sita au mwaka, ulizeni kama nyumba imewekwa rehani, hakuna adabu inayovunjwa kwa kuuliza. Takeni mkataba wa maandishi na stakabadhi ya kila shilingi, na shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa. Mkisikia habari ya mnada, msingoje: pelekeni mkataba wenu benki na kwa dalali kabla ya siku yenyewe, ili anayenunua ajue kwamba ndani mna watu waliolipa. Nyumba ikisha kuuzwa, msitoe kodi kwa mtu yeyote mpaka mmeona kwa maandishi ni nani mwenyewe. Na fedha mliyotanguliza ni deni juu ya mwenye nyumba wa kwanza, hata akiwa mwalimu wa dini.

Mnunuzi alipatikana Januari, mfanyabiashara wa kutoka Mpanda, kwa shilingi 19,000,000. Tulikuwa tumeitumainia zaidi. Katika mkataba tuliandika kwamba wapangaji wote wakae mpaka kodi waliyolipa itakapokwisha, na kiasi cha kodi hiyo kikapunguzwa katika bei. Mnunuzi aliudhika, kisha akakubali. Benki ikalipwa mezani siku ile ile, ikaiachilia hati mbele yetu, ikapita mikononi mwetu kwa muda wa dakika moja hivi, ikaenda kwake.

Kwa fedha iliyosalia tulinunua kiwanja kidogo nje ya mji, na sisi wenyewe tukahamia vyumba viwili vya kupanga. Mama wa dagaa hakusema nasi kwa muda wa mwaka mzima. Hivi sasa hutuuzia, lakini kwa bei ya watu wote. Mwalimu mmoja mwenzetu alidhani ni fadhili kutuambia kwamba hata Marekani, nchi ya mali, nyumba kwa mamilioni zilitwaliwa na wakopeshaji katika miaka ile iliyofuata 2007. Ni kweli, lakini habari hiyo haikutupunguzia uzito wa meza tuliyokuwa tumeibeba kichwani, tukipita katika mtaa ambao watu wote walitujua. Watoto ndio waliotangulia, wakiimba.

Kiwanja kina msingi sasa. Kuta bado.

Tulipomaliza kumsimulia haya baba yule wa usiku, aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha. Ilikuwa haijafunguliwa, pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kubebwa. Alitaka tuifungue sisi. Tukakataa, tukamwambia aende aifungue na mkewe, hata kama ni usiku wa manane, na watazame tarehe kabla ya kutazama kiasi. Alikaa tena kidogo, kisha akaondoka bila taa.

Asubuhi walikuja wote wawili. Macho ya mama yalikuwa mekundu, wala hakutuamkia kwanza. Aliweka barua mezani, akaweka kidole chake juu ya tarehe, akasema, "Zimesalia thelathini na nne." Tukawapa chai, na daftari, na kalamu.

Jumanne hii wamekwenda benki.